Mzee wa Nduru za Uongo

Sijui alizaliwa mwaka gani wala ukoo wake ulianzia kijiji kipi, na kwa miaka yote niliyomjua sikuthubutu kumuuliza. Mwenye kazi ya kuuliza alikuwa yeye. Alisimamia ving'ora vya majengo, hasa vile vinavyolia bure, na Kisumu nzima ilimwita Mzee wa Nduru. Wapo waliomheshimu, wapo waliozima taa za duka wakimwona anakuja, na wapo waliofanya yote mawili.

Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Mama, nani amekufa hapa?"

Nilikuwa nafika kufungua duka langu la dawa pale Kondele. King'ora changu kilikuwa kinalia kwa nguvu zake zote, wauza mitumba wanapanga nguo chini yake kana kwamba ni redio, na ng'ambo ya barabara, juu ya kiti cha kukunja, ameketi mzee wa suti ya kahawia, mikono juu ya magoti, pamba imechomoza kwenye sikio moja. Nikamjibu kwamba hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Akauliza kama nimeibiwa. Sijaibiwa. Kama duka linaungua. Haliungui. Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni.

"Sasa unalilia nini?"

Tulipoingia ndani tukamkuta mjusi amejilaza juu ya kile kitaa chekundu cha kutambua wezi, ametulia zake. Mzee akatangaza kwamba nimepiga nduru ya uongo, kinyume cha sheria ndogo aliyokuwa bado anaiandika. Hapo nikapandwa na hasira. Mimi ni mtu wa Kaloleni, mtaa wa Waislamu hapa hapa Kisumu, nimelelewa na bibi aliyeona uongo ni najisi, na nilikuwa sijawahi kuitwa mwongo mbele ya watu, tena asubuhi, tena na mtu ambaye hata salamu hajatoa. Nikamwambia mjusi kaingia kweli, hakualikwa, na king'ora kimesema kweli tupu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi. Kisha akasema mjusi hana kosa, na mimi sina kosa, mwongo ni ukuta.

"Ukuta yako imesema kuna mwizi," akasema. "Haya, mwizi iko wapi?"

Sikuwa na mwizi wa kumwonyesha. Akaniambia nihamishe kile kitaa mahali ambapo mijusi haifiki, kisha akanunua pamba, akaenda zake. Nilimuuzia huku nimenuna. Tangu siku hiyo akawa mteja wangu, akaniita nyar Kaloleni, yaani binti wa Kaloleni, ingawa nilikuwa tayari na wajukuu, na mimi nikamzoea jinsi mtu anavyozoea jiwe lililo mlangoni kwake.

Niseme habari ya ile pamba, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kipimo cha serikali. Ofisi iliyomwajiri, ambayo sitaitaja, ilimpa kazi lakini haikumpa chombo cha kupimia sauti. Chombo kilikuwa kimeagizwa, na kwetu kitu kilichoagizwa huishi miaka mingi bila kuonekana. Basi mzee alipima kwa masikio. Mimi kama mtu wa dawa niligundua mapema kwamba sikio lake la kushoto lilikuwa karibu limekufa, na kwamba pamba alikuwa akiitia katika lile zima la kulia. Nikadhani amekosea. Nikamwambia kwa upole kwamba mzee, sikio unaloziba ndilo linalosikia.

Akanieleza kama anayemweleza mwanafunzi mzito. Sikio zima ni mali yake, la nyumbani, la kwaya na la kusikia wajukuu kwenye simu. Lile lililokufa ni la kazi. King'ora ambacho hata sikio lililokufa linakisikia, hicho kimevuka mpaka, na hakuna wakili atakayepinga. Wenye maduka walipoijua siri hiyo wakawa wanamkaribisha kwa heshima nyingi sana upande wa kulia, wanamwekea kiti, chai na mandazi, ili lile sikio la kazi litazame barabara. Mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi aliponea hivyo muda mrefu, mpaka siku mzee alipougua shingo akalazimika kukaa kinyume.

Na huyu adui wa kelele alikuwa na simu yenye mlio wa gari la wagonjwa. Binti yake anayeishi Nairobi ndiye aliyemchagulia, kwa sababu mlio mwingine wowote hakuusikia. Nakumbuka kikao kimoja cha wafanyabiashara, mzee amesimama mbele anatufundisha utulivu, simu ikalia mfukoni mwake. Watu wakatoka mbio, wengine wakadhani moto. Yeye peke yake alibaki amesimama, anatushangaa, mpaka tulipomwonyesha mfuko wake kwa vidole. Akapokea, akasema kwa sauti ya kuamsha ziwa kwamba hawezi kuongea kwa sababu yuko kwenye mkutano wa kupunguza makelele.

Kwaya pia. Aliimba besi kanisani kwao, na Wakristo wenzake waliniambia kwamba kwenye wimbo wa taratibu alikuwa anafika mwisho kabla ya wengine na kuwasubiri huko. Hakuna aliyemwambia apunguze mwendo. Nani angempa onyo Mzee wa Nduru?

Lakini usidhani alichukia kelele. Hilo ndilo watu hawakumwelewa, na mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa. Matatu za Kondele zilipiga honi mbele yake asigeuke. Wahubiri wa sokoni na vipaza sauti vyao aliwapita akiwapungia mkono. Alichokichukia ni sauti inayoita watu halafu haina haja nao. Alikuwa na msemo mmoja, aliurudia mpaka ukatuchosha: "Nduru si sauti. Nduru ni miguu."

Maana yake ni kwamba mtu akipiga nduru, kinachohesabika ni wanaokuja. Mkewe alipofariki, pale pale nyumbani kwake Manyatta, alitoka mlangoni akapiga nduru moja, na kabla sauti haijamwisha kifuani uwanja ulikuwa umejaa miguu. Alinisimulia hivyo mara moja tu, akiwa ameegemea kaunta yangu, na hakutaja machozi wala dawa wala daktari. Alitaja miguu. Mwingine na ndala moja, mwingine na unga wa ugali mkononi. Baadaye yakaja majumba ya ghorofa na kuta zao zinazolia kwa sababu ya popo, radi, stima kupotea na stima kurudi, na watu wakajifunza kula samaki wao huku kitu kinapiga yowe juu ya vichwa vyao. Mzee aliona kitu kimoja kinaharibika mbele ya macho yake, na aliamini sheria ndogo inaweza kukiokoa. Hapo ndipo alipokuwa na imani kubwa kuliko akili, maskini.

Aliiandika mwenyewe sehemu kubwa ya sheria ile. Kifungu alichokipenda kama mtoto wa mwisho ni kile kinachoyataka makampuni ya ulinzi yasitume walinzi ovyo kila king'ora kinapolia. Kwanza wampigie simu mwenye nyumba, wamuulize: ni ya kweli ama ni ya uongo? Mwenye nyumba akisema ni ya kweli, walinzi waende. Akisema ni ya uongo, au asipopokea kabisa, basi ihesabiwe ya uongo na kila mtu aendelee na shughuli zake. Alikuwa anakikariri kwa moyo, akiwa amefumba macho. Nilimuuliza mara moja, je, mwenye nyumba akiwa ameshikwa na wezi mdomo? Akaniambia sheria haiwezi kufikiria kila mdomo.

Ila kilichompa jina ni neno. Wakili wa ofisi alikuwa ameandika kwa Kiswahili chake cha suti, "mlio wa tahadhari usio na msingi." Mzee akaukata. Akasema hapa hakuna mama anayeongea hivyo, na sheria isiyoongea kama watu itabaki kabatini. Akaandika "nduru ya uongo," kwa kuwa neno nduru liko katika Kiswahili chetu na liko katika Kijaluo, na kila mtu tangu Kondele hadi Dunga analijua. Kwa hili alikuwa sawa kabisa, na ndilo lililomponza.

Siku chache kabla ya kikao cha maoni ya wananchi, gari lenye vipaza sauti lilizunguka Manyatta likitangaza: ni marufuku kupiga nduru ya uongo, atakayepatikana atatozwa faini, njooni mtoe maoni. Sasa, ukimwambia mama wa Kijaluo nduru, hafikirii ukuta wa benki. Anafikiria msiba. Na kila mtu anajua, ingawa hasemi, kwamba kwenye msiba wapo wanaolia kwa uchungu, na wapo wanaoanza kulia karibu na geti na kunyamaza karibu na sufuria. Habari zikaenea kwamba serikali sasa imeamua kuwakamata hawa wa pili.

Ukumbi ulijaa. Nilikuwepo, nilikwenda kutetea mijusi yangu, nikakosa pa kukaa. Akina mama walikuja na leso wamefunga viunoni, na nyuso za watu waliojiandaa kushindana. Mheshimiwa wa eneo alifungua kikao, akaona hali, akakumbuka ghafla kwamba ana mkutano mwingine. Akamwacha mzee peke yake mbele na sikio lake la kazi.

Akasimama mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki pale pale karibu na geti la mzee. Sote tulimwita Mama Samaki. Hakupandisha sauti.

"Mimi nataka kuuliza tu," akasema. "Hiyo machozi yangu mtajua aje ni ya uongo? Mtaonja?"

Ukumbi ukacheka, yeye hakucheka. Akaendelea kwamba shemeji yake alikufa, na shemeji huyo alikuwa mtu mbaya, alimsumbua dada yake mpaka mwisho. Yeye hakumpenda hata siku moja. Lakini alipokufa alilia mpaka sauti ikapotea, kwa sababu dada yake alikuwa amekaa hapo peke yake na ilibidi watu waje. Sasa serikali imwambie, hiyo nduru ilikuwa ya kweli ama ya uongo?

Mtu mwingine yeyote angewaeleza hapo hapo kwamba kuna kosa, kwamba sheria inahusu vifaa vya umeme, rudini nyumbani. Mzee hakufanya hivyo. Nadhani alisahau kabisa kwamba kuna kosa. Alikuwa ameulizwa swali ambalo amelibeba maisha yake yote, na mwulizaji alikuwa mtu anayelijua. Akaivuta ile pamba sikioni, akaishika mkononi.

"Watu walikuja?"

"Walikuja. Boma ilijaa."

"Basi ilikuwa ya kweli."

Ukumbi uliinuka kwa vigelegele. Wakaipitisha sheria palepale, yote, pamoja na vifungu ambavyo havikusomwa, na hakuna mtu aliyeuliza neno moja kuhusu ving'ora. Hivyo ndivyo mji wetu ulivyopata sheria ya kuta zinazolia, imepitishwa na akina mama walioamini wamelinda haki yao ya kuomboleza. Mijusi yangu haikutajwa.

Matokeo yake yalimfuata miaka mingi. Watu wa Dunga walimwita kwenye mazishi aje asikilize kilio cha mkaza mwana fulani aseme kama ni cha kweli, na inasemekana alikwenda, akala, akasema hana mamlaka juu ya watu wa familia. Mwenye ghala la samaki huko huko Dunga alikuja na hoja kwamba king'ora chake kililia kwa sababu ya wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu jeusi, na kwamba wadudu waliingia kweli, wengi, bila ruhusa. Mzee akamuuliza swali lake: nani alikuja? Jamaa akasema walikuja ndege, kula wadudu. Mzee akafikiri kidogo akasema ndege ni wageni halali lakini hawawezi kutoa ushahidi.

Wa Kondele wakawa wajanja zaidi. Maadamu nduru ya kweli ni ile inayoleta watu, wakapatana na vijana wa boda boda: king'ora kikilia, nyinyi njooni mbio, mtapata chai. Kwa muda fulani ukipita stejini ungeona jambo la ajabu, king'ora kinapiga, pikipiki zinakimbilia duka lisilo na mwizi, vijana wanasimama mlangoni wanahema kwa heshima, wanakunywa chai, wanarudi. Mzee akaketi ng'ambo akawatazama. Akaamua kwamba miguu iliyoitwa na chai ni miguu ya chai.

Vijumba vya ving'ora vitupu ndivyo alivyovipenda kuliko vyote. Maana kuna watu, hasa kule kwenye nyumba kubwa, walionunua lile boksi la nje lenye taa, wakaligonga ukutani bila kitu ndani, kwa kuwa jengo lisilo na king'ora siku hizi linaonekana kibanda. Angesimama mbele ya boksi kama hilo kwa furaha ya kweli. Alisema hicho ndicho king'ora chenye adabu, kinadanganya macho tu na hakimsumbui mtu. Nusura avipe hati za sifa.

Wala hakuwa mwoga, hilo lazima niliseme. Jengo lililolia kuliko yote mjini lilikuwa la ofisi yake mwenyewe. Mlango wa nyuma haukufunga vizuri, upepo wa ziwa ukipuliza alasiri, ukuta unapiga kelele. Akawapa onyo wakubwa wake, kwa maandishi. Wakamhamishia meza chini ya ngazi, karibu na ndoo za kufanyia usafi. Akakaa hapo kwa utulivu akaendelea kuwapa onyo, na kila mkubwa aliyeshuka ngazi alimkuta ameketi, sikio la kazi limemwelekea. Wakastaafu kabla yake wengine. Yeye alipostaafu walimfanyia sherehe ndogo, na wakati wa hotuba ya kumshukuru upepo ukapuliza.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Baada ya kustaafu, binti yake alianza kumwambia ahamie Nairobi. Alikuwa binti mwema, simlaumu. Alisema baba umezeeka, shinikizo la damu linapanda, unaishi peke yako, ukianguka nani atajua? Mzee hakutaka hata kusikia. Alikuwa amezika mke Manyatta kwa maana ya moyo ingawa kaburi liko kijijini, na uwanja ule uliojaa miguu alikuwa bado anaufagia mwenyewe kila asubuhi. Alimwambia binti yake kwamba hapa akilia watakuja, na huko ghorofani akilia atajibiwa na lifti. Binti akamwambia, baba, watu wa siku hizi hawaji. Wewe mwenyewe umekuwa ukisema hivyo miaka yote.

Alinisimulia hilo dukani kwangu na nilimwona limemuumiza, kwa kuwa lilikuwa kweli. Alikuwa amezunguka mji mzima akihubiri kwamba miguu imekufa, na sasa mtoto wake amemshika kwa mahubiri yake. Mimi nikamwambia mzee, usijali, sisi tupo. Akaniuliza kwa dhihaka kama mimi naweza kupiga nduru. Alisema sisi watu wa Kaloleni, na asili yetu ya pwani, tunalia kwa adabu mno, tunalia kama watu wanaoomba ruhusa.

Mwishowe wakaelewana. Binti alimfungia king'ora ndani ya nyumba, na kitufe cha kuning'iniza shingoni: ukipata shida unabonyeza, ukuta unalia, kampuni ya ulinzi inajua. Kama mfumo ule ungefanya kazi, angebaki Manyatta. Kama siku moja angebonyeza na asije mtu, angepanda gari kwenda Nairobi bila mjadala. Yalikuwa masharti ya binti, na mzee aliyakubali mbele yangu, ameshika kile kitufe kwa vidole viwili kama anayeshika mkia wa panya. Mzee wa Nduru akawa na king'ora. Kondele ilicheka wiki nzima, na mimi nilicheka nao.

Ijumaa moja, baada ya swala, nilimpelekea dawa zake za presha na pamba. Nilikisikia king'ora tangu barabarani. Nilipofika karibu na geti nikamkuta Mama Samaki anageuza samaki wa ngege kwenye mafuta, na wale vijana wa boda boda wamekaa juu ya pikipiki zao, mmoja anasinzia. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, hiyo kitu ya mzee imekuwa ikilia tu, labda stima imepotea ikarudi. "Itachoka," akasema, na kusema kweli hata mimi nilikubali kwamba itachoka. Niliingia kwa ajili ya dawa tu.

Nilimkuta chini, sakafuni jikoni, mguu umelala vibaya, upande ambao mguu haulali. Kidole chake kilikuwa bado juu ya kile kitufe. Alikuwa amekibonyeza mpaka ukucha umekuwa mweupe.

"Nyar Kaloleni," akasema. "Nani amekufa?"

Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga kofi. Nikapiga magoti. Na hapo, juu ya kelele ya ukuta, nikasikia king'ora cha pili kutoka sebuleni, nacho kilikuwa simu yake. Ililia, ikakatika, ikalia tena. Mzee akafumba macho, nikaelewa kabla hajasema. Ilikuwa kampuni. Walikuwa wanatii sheria. Walikuwa wanampigia mwenye nyumba kumuuliza kama ni ya kweli ama ni ya uongo, na mwenye nyumba alikuwa sakafuni, simu mezani, na kifungu chake alichokipenda kilikuwa kinamhesabia uongo kila ilipokatika.

Nikakimbia nikaipokea. Kijana mwenye sauti ya heshima akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia lipo, njooni haraka. Akauliza kama mimi ndiye mwenye nyumba. Nikasema hapana. Akasema, "Basi mama, samahani, ni lazima mwenyewe aseme. Ni sheria." Nikamwekea mzee simu sikioni, na kwa haraka zangu nikaiweka kwenye lile lililokufa. Akasikiliza kwa makini sana.

"Hawa wanasema nini?"

Nikaitupa simu pembeni. Nikamwambia natoka kutafuta watu. Akanishika ukaya wangu, ule mtandio wa kichwani.

"Usitafute," akasema. "Piga nduru."

"Mimi, mzee?"

"Kwani ni mimi nimesimama?"

Nilikwenda mpaka getini. Sijui nilichokifanya. Niliweka mkono kichwani, nikafungua mdomo, na kitu kikatoka kisichokuwa cha Kaloleni wala cha pwani wala cha adabu. Kilinikwaruza koo kikaenda. Ukuta ulikuwa unalia juu yangu kwa ukubwa mara kumi ya sauti yangu, muda wote huo, na hakuna aliyeinua kichwa. Lakini mimi nilipolia, Mama Samaki aliruka na mwiko wake mkononi. Aliacha samaki kwenye moto. Vijana wa boda boda wakaja, yule aliyekuwa amesinzia akiwa wa kwanza, na nyuma yao milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine, wamama, fundi cherehani na utepe shingoni, mtu ambaye alikuwa anaoga. Hakuna aliyeniuliza kama ni ya kweli.

Niliporudi jikoni mzee alikuwa ameitoa pamba kwenye sikio zima. Alikuwa amelala amegeuza uso kuelekea uani, anasikiliza, na machozi yalikuwa yanamtoka, na sitasema yalikuwa ya maumivu ya mguu. Wakaingia wakamzunguka. Mama Samaki akamwambia mzee, tulisikia hiyo kitu yako lakini tulijua ni ya uongo. Akamjibu kwamba hata yeye angejua hivyo hivyo. Kisha akanitazama.

"Mbaya sana," akasema juu ya nduru yangu. "Lakini wamekuja."

Walikuwa wameng'oa mlango wa choo wa kumbebea, wanabishana nani ashike wapi, ukuta bado unapiga kelele na hakuna aliyejua namba za kuuzima, wakati simu ilipolia tena. Nilidhani ni kampuni. Alikuwa binti yake. Safari hii niliiweka kwenye sikio zima, na kwa kuwa mzee huweka sauti juu kabisa, sote tulimsikia akiuliza kwa wasiwasi, baba, kampuni wamesema hupokei, na hiyo kelele yote hapo ni ya nini?

"Si kelele," mzee akasema. "Ni miguu."

Binti akauliza tena, taratibu, ni watu wangapi. Mzee akajaribu kuinua kichwa awaone wote, akashindwa, jikoni palikuwa pamejaa mpaka mlangoni na wengine wamebaki uani. Akamwambia apige baadaye, kwa sababu sasa hivi ana wageni.